Dawa iliyomuunguza mtoto ina jina, liandikwe

UKIFUNGUA kabati la nyumba yoyote ya Mswahili, iwe Tandika, Likoni au London, hutakosa kibahasha cha dawa kilichosahauliwa. Ndani yake vimebaki vidonge vinne au vitano, juu yake pameandikwa kwa kalamu "1x3" au "2x2", basi. Jina la dawa hakuna. Tarehe hakuna. Jina la mgonjwa hakuna. Akiumwa mtoto mwingine mwezi ujao, mama atavitoa vidonge hivyo hivyo, atavitazama rangi, atasema "hivi ndivyo vilivyomponya kaka yake", na atampa.

Tahariri ya leo inahusu kibahasha hicho. Wasomaji wetu mmezoea kuona hapa mambo ya katiba, uchaguzi na wizi wa fedha za umma. Leo tunayaweka pembeni kidogo, ingawa mwishoni mtaona kwamba hata jambo hili lina wenye madaraka wanaopaswa kuulizwa. Niruhusuni pia niseme "mimi" badala ya "sisi" niliyoizoea, kwa sababu safari hii habari imeingia nyumbani kwangu.

Usiku mmoja dada yangu alinipigia simu kutoka nyumbani. "Kaka, mtoto anawaka homa, na tumbo linamwendesha tangu juzi." Mtoto mwenyewe ni mpwa wangu, msichana, wakati huo ana miaka mitano. Mimi niko Uingereza, na kwa sababu ambazo wasomaji wa siku nyingi wanazijua, siwezi kukanyaga nyumbani. Mtu asiyeweza kufika hutuma fedha na amri. Nikamjibu dada, "Hela nimeshakurushia kwenye simu. Usiende kupoteza siku nzima kwenye foleni, pita duka la dawa hapo njiani, waambie wakupe antibaiotiki nzuri." Akaenda. Akapewa vidonge vyeupe ndani ya kibahasha, nusu kidonge mara mbili kwa siku.

Siku ya pili macho ya mtoto yakawa mekundu, midomo ikavimba na kupasuka. Dada akadhani ni surua. Jirani akasema hapana, hiyo ni tetekuwanga. Dawa akaendelea kupewa, kwa sababu sote tumefundishwa kwamba dozi haikatizwi. Siku ya tatu nikaletewa picha kwenye WhatsApp. Sitaieleza picha ile zaidi ya kusema kwamba ngozi ya mgongo ilikuwa imeachia kama ya mtu aliyemwagikiwa maji ya moto, na mtoto hakuweza kumeza hata mate yake.

Walipofika hospitali kubwa daktari aliuliza jambo moja kwanza: "Amepewa dawa gani?" Dada akamkabidhi kibahasha. Daktari akasoma kilichoandikwa, akakigeuza nyuma, hakuna kitu. Ikabidi mtu apande bodaboda kurudi dukani, na bahati njema kijana wa zamu akakumbuka: ni Septrin. Daktari akauliza la pili: "Amewahi kuitumia kabla?" Dada akasema hajawahi. Bibi yake ndiye aliyekumbuka kwamba alipokuwa na miaka miwili mtoto huyu alipewa dawa ya maji ya kifua, akatokwa vidonda mdomoni na macho yakawa mekundu, na kwenye zahanati wakaambiwa ni surua. Kadi yake ya kliniki haikuwa na neno lolote juu ya jambo hilo. Chupa ya dawa ile ilikuwa bado ipo jikoni, imewekewa mafuta ya taa. Lebo imefifia lakini inasomeka: kotrimoksazoli. Jina tofauti, dawa ni ile ile iliyomo ndani ya Septrin.

Mpwa wangu yu hai, alhamdulillahi. Alilazwa zaidi ya mwezi. Ngozi imerudi, ina mabaka. Jicho la kushoto haoni vizuri na mwanga wa jua humuumiza. Mimi ni mwandishi wa habari. Kazi niliyosomea chuo kikuu na iliyonifukuzisha nchini ni kuuliza nani, nini, lini na kwa nini. Usiku ule sikuuliza hata moja.

Ugonjwa uliompata unaitwa Stevens-Johnson, kwa majina ya madaktari wawili wa Marekani walioueleza mwaka 1922 baada ya kuwaona wavulana wawili, mmoja wa miaka saba na mwingine wa miaka minane, huko New York. Wakati huo salfa na penisilini zilikuwa bado hazijaanza kutumika, na hadi leo kuna watoto wanaoupata kutokana na vijidudu na si dawa. Lakini katika miongo iliyofuata ilionekana wazi kwamba mara nyingi chanzo ni dawa, na dawa za jamii ya salfa zimo katika orodha ya mbele kabisa. Mwaka 1956 daktari wa Uingereza, Alan Lyell, akaeleza hali iliyo kali zaidi ya hiyo. Siku hizi madaktari huhesabu hivi: ngozi ikiachia chini ya asilimia 10 ya mwili ni Stevens-Johnson, ikizidi asilimia 30 ni ule wa Lyell, na kati ya hapo ni mchanganyiko wa yote mawili. Kadiri ngozi inavyoachia nyingi ndivyo kifo kinavyokaribia.

Si kwamba dawa ilikuwa mbovu au feki. Si kwamba kipimo kilizidi. Mwili wa mtoto wenyewe, ile askari yake ya kumlinda na maradhi, huikosea dawa ikadhani ni adui, kisha ikaishambulia pamoja na ngozi yake mwenyewe. Huu ndio mzio, ambao wengi mtaani tunauita aleji. Mara ya kwanza unaweza kuchukua siku kadhaa hadi wiki nne tangu dawa ilipoanza. Mara ya pili mwili umeshaijua dawa, hausubiri. Ndiyo sababu mpwa wangu ilimchukua siku mbili tu.

Sasa nataka tuelewane vizuri, maana habari za namna hii huwa na madhara yake. Mwaka 2001 Tanzania Bara ilipoiacha klorokwini na kuifanya SP, ambayo wengi tuliijua kwa jina la Fansidar, kuwa dawa ya kwanza ya malaria, mimi nilikuwa ndio kwanza naanza kazi ya gazeti. Fansidar ina salfa ndani yake. Ilikuwa inajulikana tangu miaka ya 1980 kwamba huweza kuwaunguza baadhi ya watu, kwani watalii wa Kimarekani waliokuwa wakiimeza kila wiki kujikinga na malaria walipata madhara hayo na wengine wakafa. Habari ilipofika mtaani kwetu tuliikuza. Vichwa vya habari vilitisha. Watu wakaiogopa dawa, wengine wakabaki nyumbani na homa zao. Hatukuwaeleza wasomaji dalili ni zipi, nini wafanye zikitokea, na kwamba wengi mno walikuwa wanaimeza bila dhara lolote. Tuliuza magazeti. Miaka michache baadaye dawa ya mseto ikachukua nafasi yake na sisi tukahamia habari nyingine.

Sitaki kurudia kosa hilo. Ugonjwa huu ni nadra. Katika watu milioni moja huwapata wachache tu kwa mwaka, ingawa kwa wanaoishi na virusi vya UKIMWI hatari huwa kubwa zaidi. Na Septrin hii hii niliyoisimulia imeokoa watoto wasiohesabika. Mwaka 2004 matokeo ya utafiti uliofanywa Zambia kwa watoto wenye virusi vya UKIMWI yalionyesha kwamba waliopewa dawa hii kila siku walikufa pungufu kwa asilimia 43 kuliko wenzao. Mama aliyeambiwa na kliniki ampe mtoto wake Septrin kila siku asithubutu kuiacha kwa sababu amesoma tahariri hii. Ampe, na amtazame.

Amtazame nini? Vipele vidogo vinavyowasha, mtoto anacheza, anakula, macho na mdomo viko sawa: hilo mara nyingi si la kutisha, ingawa mwonyeshe mhudumu wa afya kabla ya kuendelea na dawa. Lakini mtoto akiwa anatumia dawa, au ameanza dawa mpya ndani ya mwezi, kisha akapata homa pamoja na macho mekundu, vidonda vya mdomoni au sehemu za siri, madoa mekundu au meusi yanayouma kuliko kuwasha, malengelenge, au ngozi inayoachia ukiigusa, hapo hakuna kusubiri asubuhi. Dawa ikatishwe palepale, hata kama dozi haijaisha, na mtoto apelekwe hospitali pamoja na chupa, paketi au kibahasha cha kila alichomeza. Kuna na aina nyingine ya haraka, inayokuja ndani ya dakika au saa moja baada ya kidonge au sindano: midomo na uso kuvimba, kifua kubana, mtoto kulegea. Hiyo nayo ni ya kukimbia hospitali, si ya kumpa maziwa na kumlaza.

Njiani asipasuliwe malengelenge. Asipakwe dawa ya meno, unga, majivu wala asali. Afunikwe shuka safi. Na nawaomba wahudumu wetu wa afya pia jambo moja: mtoto wa namna hii huonekana kama aliyeungua moto, na mkono huenda wenyewe kwenye krimu nyeupe ya vidonda vya moto. Krimu hiyo mara nyingi ina salfa. Kama ni salfa iliyomuunguza, tunamuongezea kuni. Na macho yasisubiri ngozi ipone kwanza, daktari wa macho aitwe mapema, kwa sababu kope zinaweza kugandamana na jicho na hasara yake ikawa ya maisha. Mpwa wangu alionwa na daktari wa macho wiki ya tatu.

Kuna upande wa pili wa shilingi ambao nao lazima usemwe. Huku ughaibuni tatizo letu mara nyingi ni kinyume cha lile la nyumbani. Marekani, karibu mtu mmoja katika kila kumi ameandikiwa kwenye faili lake kwamba ana mzio wa penisilini, lakini wakipimwa vizuri, zaidi ya tisa katika kila kumi wao hawana. Wengi waliandikiwa utotoni: mtoto alikuwa na mafua, akapewa amoksilini, akatokwa vipele. Vipele vile vingi huletwa na virusi vyenyewe vya ugonjwa, si dawa. Lakini neno likishaandikwa linamfuata mtu hadi uzeeni, na kila akiugua ananyimwa dawa rahisi na nzuri, anapewa ya ghali na wakati mwingine isiyomfaa sana. Kwa hiyo kuandika "ana aleji" peke yake hakutoshi, na kwaweza kudhuru.

Kinachotakiwa ni mistari mitatu. Jina la dawa, lile lililochapishwa kwa herufi ndogo chini ya jina la biashara. Tarehe ilipoanza kutumika na tarehe dalili zilipotokea. Na kilichotokea, kwa maneno ya kawaida: vipele vya kuwasha, au midomo kuvimba, au ngozi kuachia. Daktari akisoma mistari hiyo, awe Muheza au Manchester, anajua kama dawa hiyo ni ya kuepukwa milele au ni ya kupimwa upya. Mtoto aliyeachia ngozi hajaribiwi tena na dawa hiyo wala ndugu zake, hata kidogo.

Iandikwe wapi? Kwenye kadi ya kliniki ya mtoto, jalada la mbele, kwa kalamu nyekundu. Kisha kwenye karatasi nyingine inayokaa na vyeti vya kuzaliwa. Kisha ipigwe picha kwenye simu ya baba, ya mama, na ya mjomba aliye mbali, kwa sababu kadi hunyeshewa na nyumba huhamwa. Mtoto mwenyewe akipata akili afundishwe kulitamka jina hilo kama anavyofundishwa jina la babu yake. Nawaambieni kwa nini. Mpwa wangu, Mungu akijaalia, siku moja atakuwa mke wa mtu na atapata ujauzito. Atakwenda kliniki, na huko muuguzi mwema, akifuata utaratibu ulio sahihi kabisa, atampa SP ya kumkinga na malaria. SP ni ile Fansidar ya zamani, ina salfa. Wakati huo huenda bibi yake hayupo, chupa ya mafuta ya taa haipo, na mimi sijui nitakuwa wapi. Maneno matatu yaliyoandikwa leo ndiyo yatakayomlinda siku hiyo.

Sasa niwageukie ndugu zangu wa ughaibuni. Sisi ndio madaktari wa simu. Tunapeleka fedha, na pamoja na fedha tunapeleka ushauri ambao hatukuombwa. Wengine tunafungasha kwenye masanduku amoksilini iliyobaki, tuliyoandikiwa hapa kwa ajili ya meno, tukijua tunafanya wema. Huku kwetu hatuthubutu kumpa mtoto wetu antibaiotiki bila daktari kuiandika. Mbona tunaamuru wapewe watoto wa ndugu zetu bila hata kuonwa? Kikohozi na mafua mengi huletwa na virusi, na antibaiotiki haiui virusi. Kuhara kwa mtoto kwingi kunataka maji ya chumvi na sukari na zinki, si Septrin. Hata kwa nimonia, Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2014 linaelekeza kwamba mtoto mdogo anayetibiwa nyumbani aanzishiwe amoksilini, si kotrimoksazoli kama zamani. Kila kidonge kisichohitajika ni bahati nasibu tunayomchezea mtoto, na hatuilipii sisi. Tukituma fedha, tutume ya kumwona tabibu na ya nauli. Na tukiwapeleka watoto wetu likizo nyumbani, tuchukue kwa daktari wao barua yenye jina la dawa inayowadhuru. Bibi hawezi kujua tusipomwambia.

Na wenye madaraka? Tanzania imo katika mpango wa kimataifa wa kufuatilia madhara ya dawa tangu mwaka 1993. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ipo, Zanzibar wana wakala wao, Kenya wana Bodi ya Famasia na Sumu, Uganda wana mamlaka yao. Fomu za kuripoti madhara zipo. Uingereza ilianzisha kadi yake ya njano mwaka 1964, baada ya dawa ya thalidomide kuzalisha maelfu ya watoto wenye viungo pungufu, na tangu mwaka 2005 hata mgonjwa mwenyewe au mzazi anaruhusiwa kuijaza. Somo ni kwamba taifa halijui dawa inafanya nini kwa watu wake mpaka watu wake waseme. Nilipomuuliza dada kama kuna mtu aliyejaza fomu yoyote kuhusu mtoto wake, aliniuliza, "Fomu ya nini?" Nilipomuuliza kama yule kijana wa dukani alikuwa mfamasia, alicheka.

Hatudai mashine za mamilioni. Tunadai kwamba hakuna kidonge kitakachotoka dukani, zahanati au hospitali ndani ya kibahasha kisicho na jina la dawa, kwa herufi zinazosomeka. Kalamu ipo, imeshaandika "1x3", haitaisha wino kwa kuongeza neno moja. Tunadai kwamba kila anayeuza antibaiotiki aulize kwanza, "Mtoto huyu kuna dawa iliyowahi kumdhuru?" na kwamba wakaguzi wakienda madukani wasiangalie leseni ukutani tu, waangalie na vibahasha juu ya meza. Na tunadai kwamba hospitali inayompokea mtoto aliyeungua kwa dawa isimruhusu kurudi nyumbani bila karatasi ya mistari mitatu mkononi mwa mama.

Mpwa wangu sasa anasoma shule ya msingi. Juzi tulizungumza kwenye simu, nikamuuliza masomo yanakwendaje, akaniambia anakaa dawati la mbele kwa sababu ya jicho. Kisha nikamuuliza, kama ninavyomuuliza kila mara, dawa gani hutakiwi kumeza? Akajibu bila kusita: "Septrin, kotrimoksazoli, Fansidar na SP, mjomba. Nimeshakwambia."

Ndugu msomaji, ukimaliza kusoma hapa nenda kafungue kabati. Kila kibahasha kisicho na jina kitoe, na vilivyomo ndani asipewe mtoto yeyote. Kisha mpigie simu aliye nyumbani, umuulize kama kuna mtoto ambaye dawa imewahi kumkataa, na jina la dawa hiyo ni lipi. Asipolijua, lianzeni kulitafuta leo.